Feni ya bafuni inadondosha maji asubuhi za kipupwe: tatizo ni feni au bomba lililo juu ya dari?

Mkazi_wa_Njombe

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Naomba ushauri wa mafundi na wa wenye nyumba walioko huku Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu nimeshapewa maelezo mawili yanayopingana na sitaki kutoa fedha kwa jambo ambalo halitamaliza tatizo.

Nyumba yangu iko Njombe mjini. Imejengwa kwa tofali za kuchoma, imeezekwa mabati, na dari yake ni ya jipsamu. Bafu la chumba kikuu limebanwa katikati ya nyumba. Halina ukuta unaotazama nje wala dirisha, kwa hiyo tangu wakati wa ujenzi liliwekewa feni ya kutoa hewa, ya inchi 4, iliyofungwa darini. Kutoka kwenye feni kuna bomba la foili, lile la mikunjo, ambalo linapita juu ya dari, linapanda na kutokea kwenye mabati, na huko juu limevikwa kofia ya kuzuia mvua.

Miezi yote ya mvua haikuwa na shida yoyote. Tangu kipupwe kilipoingia, maji yanadondoka kupitia wavu wa feni, hasa asubuhi, baada ya watu wawili watatu kuoga maji ya moto mfululizo. Matone ya kwanza huja feni ikiwa bado inazunguka, na mengine hufuata muda mrefu baada ya kuzimwa. Jipsamu inayoizunguka feni imepata duara la rangi ya chai, na ukingoni mwa duara hilo kuna vidoa vyeusi ambavyo nikivifuta kwa jiki vinatoweka, kisha vinarudi.

Fundi wa paa alipanda, akapaka silikoni upya kuzunguka kofia, akasema mvua imepata njia. Mvua ipi, mwezi Julai? Fundi mwingine anasema feni ni dhaifu na kwamba ninunue kubwa ya inchi 6. Ninachotaka kujua ni maji haya yanatoka wapi hasa, na kama kuna namna ya kuyazuia bila kubomoa dari nzima.

Fundi_Mafinga

Ndugu yangu wa Njombe, kwa maelezo yako feni haina kosa, na sidhani kama paa linavuja. Maji hayo ni ya kuoga kwenu wenyewe: yamepanda yakiwa mvuke, yamekutana na bomba la baridi, yamerudi kuwa maji.

Hesabu yake si ngumu. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Hewa ya nyuzi 25 iliyoshiba mvuke huwa na takriban gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo, na ikipozwa hadi nyuzi 10 haiwezi kubaki na zaidi ya gramu 9 na kidogo. Zinazozidi lazima zitoke, nazo hushika ukuta wa ndani wa bomba. Feni ya inchi 4 kwa kawaida husukuma mita za ujazo 80 hadi 100 kwa saa, kwa hiyo robo saa ya kuoga hupitisha zaidi ya mita 20 za ujazo. Zidisha uone: kama hewa yote hiyo ingepoa hadi nyuzi 10, zaidi ya robo lita ya maji ingebaki bombani. Kwa kweli haipoi yote, maana inapita kwa haraka, lakini hata theluthi ya kiasi hicho, ikirudiwa na kila anayeoga, inatosha kuharibu jipsamu.

Sasa litazame bomba lenyewe. Foili ni nyembamba sana na haizuii baridi hata kidogo. Nafasi iliyopo kati ya dari na mabati, asubuhi ya Julai huku kwetu, ina baridi karibu sawa na ya nje, na bati huwa baridi zaidi ya hewa yenyewe, kwa kuwa usiku usio na mawingu hupoteza joto lake kuelekea angani. Ndiyo sababu utaona bati limelowa umande wakati ardhi iliyo chini ya mti ni kavu. Sehemu ya bomba iliyo karibu na bati ndiyo inayozaa maji mengi, na kwa kuwa umesema bomba linapanda, maji hayo hayana pengine pa kwenda isipokuwa kurudi kwenye feni.

Kabla hujanunua kitu chochote, panda darini ukakague. Chukua tochi, kanyaga mbao za kenchi na wala si jipsamu, kisha lishike bomba kwa upande wa chini kuanzia kwenye feni na ulifuate hadi linapotokea. Mara nyingi utakuta limelegea kati ya kenchi moja na nyingine likafanya tumbo. Ukiliinua tumbo hilo kwa kiganja utahisi uzito, na utasikia maji yakicheza ndani. Maji yakijaa hapo hewa hupita kwa taabu, feni hunguruma bila kuvuta, na mwenye nyumba huambiwa kwamba feni ni dhaifu. Kipimo chake ni karatasi moja ya chooni: iweke kwenye wavu feni ikiwa inazunguka. Ikinata yenyewe, feni inavuta. Ikianguka, njia imeziba.

Niongeze neno moja kuhusu sisi mafundi. Wengi wetu tumejifunza mabomba ya hewa Dar es Salaam, kwenye viyoyozi, ambako bomba la baridi hupita katika hewa ya joto na jasho hutokea upande wa nje, mahali linapoonekana. Huku ni kinyume, kwani joto liko ndani ya bomba na baridi iko nje, kwa hiyo jasho hutokea ndani, na hakuna anayeliona mpaka dari iwe imekwisha kuharibika.

Mama_Uyole

Pole mwanangu. Mimi si fundi, ila nimejenga na kupangisha nyumba hapa Uyole kwa muda mrefu, na Uyole baridi yake mnaijua. Fundi wa Mafinga amesema vizuri, lakini kuna jambo moja ambalo hajaligusa. Mabati nayo hutoa maji kwa upande wa chini, bila feni yoyote kuhusika. Nina nyumba ambayo wapangaji walilalamika kwamba dari ya sebuleni inalowa kila asubuhi ya Juni, na sebuleni hakuna anayeoga. Unyevu wa jikoni na wa pumzi za watu ulikuwa unapita kwenye nyufa za dari, unashika bati, na jua likichomoza unadondoka wote kwa pamoja.

Kwa hiyo angalia saa. Maji yakija baada ya watu kuoga, hata kama jua halijatoka, hilo ni bomba. Yakija jua linapopiga bati, hata siku ambayo nyumba nzima mmesafiri, hilo ni bati, na hapo utahitaji kuipa nafasi ya darini hewa ya kupita kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine. Inawezekana pia vyote viwili viko pamoja.

Na nitasema ukweli hata kama hautapendeza: bafu lisilo na dirisha, katika mji wenye baridi kama Njombe, ni kosa la mchora ramani. Dirisha dogo la juu ukutani linatoa mvuke bila umeme na bila bomba. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa huna la kufanya, lakini anayesoma hapa akiwa bado yuko kwenye msingi na azingatie.

Fundi_Umeme_Iringa

Naomba nianze na usalama, kwa sababu wote mmezungumzia jipsamu na hakuna aliyezungumzia umeme. Maji yanayorudi kwa njia ya bomba hupita katikati ya mwili wa feni, mahali ilipo mota na mahali waya zilipoungwa. Ndugu mkazi wa Njombe, kuanzia leo usiiwashe feni hiyo mpaka itakapofunguliwa na kukaguliwa. Zima saketi yake kwenye mein switchi, na yeyote atakayeifungua awe fundi mwenye leseni ya EWURA, si kijana wa dari. Ukiona kutu kwenye skrubu za terminali au rangi ya kijani kwenye shaba ya waya, feni hiyo ibadilishwe.

Kuhusu kununua ya inchi 6, mimi sishauri. Kuna mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, ambako tatizo hili huwapata kila majira ya baridi, unaotaka feni ya bafu itoe angalau lita 15 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 54 kwa saa. Feni yako ya inchi 4 inavuka kiwango hicho endapo bomba liko wazi. Feni kubwa kwenye bomba lenye tumbo la maji itaongeza kelele tu, na kwenye bomba tupu la foili itapeleka mvuke mwingi zaidi kwenye baridi ile ile.

Mambo mawili yanayosaidia ni ya gharama ndogo. La kwanza ni mlango. Mwongozo huo huo unataka uwazi wa milimita 10 chini ya mlango wa bafu, kwa sababu feni haiwezi kutoa hewa ambayo haiingii. Milango ya mninga inayokaa barabara kwenye fremu, pamoja na kile kitambaa ambacho watu huweka chini kuzuia baridi, huifanya feni izunguke bure. La pili ni taima. Feni iendelee kufanya kazi kwa dakika 15 au 20 baada ya taa kuzimwa, ili hewa kavu ya chumbani ipite bombani na kuukausha unyevu uliobaki. Msiogope LUKU. Feni ya wati 20 ikifanya kazi saa moja kila siku hutumia uniti 0.6 kwa mwezi mzima, wakati hita ya shawa ya wati 5,000 hula kiasi hicho kwa muda usiozidi dakika 8.

Kijana_wa_Tukuyu

Wakuu, mbona mnalifanya jambo liwe gumu? Mimi nilitoboa tundu dogo kwenye lile tumbo la bomba, maji yakaacha kurudi kwenye feni. Na jirani yangu ameunganisha feni moja kwa moja na lile bomba la kupumulia la choo, ambalo tayari limeshatoka juu ya paa, kwa hiyo hakutoboa bati mara ya pili.

Fundi_Mafinga

Mdogo wangu wa Tukuyu, tundu hilo limehamisha maji tu. Yalikuwa yanadondokea sakafuni kwenye vigae, ambako yangefutwa kwa dekio, sasa yanadondokea mgongoni mwa jipsamu na kwenye mbao za kenchi, ambako hakuna anayeyaona. Mbao zetu za paini kutoka huku Mufindi ni nzuri zikiwa kavu. Zikilowa kila siku huota kuvu, na misumari hushika kutu. Kagua kabla ya mvua za Novemba, maana nyumba za Tukuyu huwa hazipati muda mrefu wa kukauka.

Kuhusu jirani yako, mwambie alitenganishe bomba hilo mapema iwezekanavyo. Bomba la kupumulia limewekwa ili hewa chafu ya shimo ipande na kutoka juu. Feni ikizimwa, hewa hiyo hupata njia ya kushuka hadi bafuni, na kile kibati cha plastiki kilichomo kwenye feni hakizibi kiasi cha kuizuia. Gesi ya shimo la choo si harufu tu; ndani yake kuna gesi inayoweza kudhuru watu na nyingine inayoweza kuwaka.

Mkazi_wa_Njombe

Shikamoo Mama wa Uyole, na nawashukuru mafundi wote. Nimepanda darini na tochi. Bomba linatoka kwenye feni, linalala juu ya jipsamu kwa urefu wa kama mita mbili, linaning'inia kati ya kenchi mbili, kisha linapanda kwa mkupuo hadi kwenye bati. Tumbo lipo, na lina maji. Nililifungua upande wa feni nikiwa nimetega ndoo, yakamwagika maji ya rangi ya vumbi yenye harufu ya sabuni, na kwa harufu hiyo nikaamini kwamba si ya mvua. Kwa ndani mikunjo yote imejaa utando mweusi wa nyuzi za taulo na vumbi. Upande wa chini wa mabati ni mkavu hata asubuhi, kwa hiyo Mama, nadhani kwangu ni bomba peke yake.

Umeme nimeuzima. Sasa nina njia mbili: kuliacha bomba litokee pale pale juu ya bati, au kulipeleka kwa ulalo hadi ukuta wa mwisho wa nyumba, umbali wa kama mita nne na nusu. Ipi ni bora? Na hapa Njombe nilivike nini? Dukani wameniambia nitumie sponji ya godoro.

Fundi_Mafinga

Peleka ukutani. Bomba linalopanda litarudisha maji kwenye feni daima, hata ukilivika nguo nene namna gani, kwa sababu bado kuna asubuhi ambazo baridi itashinda. Bomba linaloshuka kuelekea nje halidai ukamilifu huo: maji yatakayotokea yatajiendea yenyewe nje ya ukuta, na wewe hutayajua.

Achana na foili. Nunua bomba gumu la PVC la inchi 4, lile linalotumika kwa maji machafu, kwani ndani ni laini, halishiki nyuzi, wala halilegei. Feni ikae mwanzo wa bomba, kisha uweke elbo (kiungio cha kona) moja tu na sehemu iliyobaki iende moja kwa moja. Mteremko uwe angalau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea nje, kwa hiyo kwa umbali wako upande wa nje uwe chini kwa sentimita 5 au zaidi. Usikadirie kwa jicho, tumia pima maji, na kila baada ya mita moja lifunge bomba kwenye kenchi kwa mkanda wa bati. Soketi zigeuze ili mdomo mpana utazame upande wa feni, maji yasikutane na ukingo wa kuyazuia. Ni kanuni ile ile ya mabomba ya maji machafu, na fundi bomba yeyote anaijua akikumbushwa. Viungio tia solusheni, ile gundi ya PVC, na pale bomba linapokutana na feni tumia klipu na utepe wa alumini, si ule utepe mweusi wa umeme ambao ukipata joto la mchana chini ya bati huachia gundi.

Ukutani toboa kwa tindo taratibu, maana tofali za kuchoma hupasuka ukizipiga kwa hasira. Bomba litokeze nje sentimita chache kupita plasta ili maji yasichirizike ukutani, kisha weka kifuniko cha vibati vinavyofunguka kwa upepo wa feni na kujifunga vyenyewe. Kwa upepo wa upande wenu kifuniko hicho si pambo. Bila hicho hewa ya baridi itaingia bombani usiku kucha na kulipoza kabla hata hamjaamka. Mdomo usiuweke karibu na matundu ya hewa yaliyo chini ya ukingo wa paa, kwa sababu mvuke utarudi darini kwa njia hiyo.

Sponji ya godoro hapana. Inanyonya maji na haiyatoi, na ikipata cheche ya waya inawaka kwa moshi wenye sumu. Tafuta pamba ya nyuzi za kioo, ile wanayoweka kwenye matangi ya sola na juu ya dari za ofisi, yenye unene wa milimita 25 au zaidi. Isipopatikana Njombe, agiza Mbeya, au umwombe fundi wa viyoyozi akuuzie ile mipira myeusi ya kuvisha mabomba, iliyo katika mashuka. Livike bomba kuanzia kwenye feni hadi lilipoingia ukutani bila kuacha pengo, usiikandamize pamba kwa kamba, kwani kinachozuia baridi ni hewa iliyomo katikati ya nyuzi, na juu yake zungushia nailoni ili isilowe siku ambayo bati litadondosha. Vaa glavu na barakoa. Nyuzi hizo zinawasha.

Kwa wale ambao nyumba yao hairuhusu kwenda ukutani na lazima watokee kwenye bati, sehemu ya kusimama ivikwe vivyo hivyo, na chini yake iwekwe tii, yaani kiungio cha midomo mitatu, badala ya elbo. Mdomo wa chini wa tii uzibwe kwa plagi, na kwenye plagi utolewe mpira mwembamba wa kupeleka maji hadi nje. Ni kazi inayohitaji kukaguliwa mara kwa mara, maana mpira huo huziba kwa nyuzi zile zile za taulo.

Mama_Uyole

Marahaba mwanangu. Ukimaliza, usikimbilie kupaka rangi. Acha jipsamu ikauke kabisa, na kama ukiibonyeza kwa kidole inabonyea, kata kipande hicho ubandike kingine. Rangi ya maji pekee haitafunika lile duara la rangi ya chai. Litapenya tena ndani ya wiki chache. Tanguliza mkono mmoja wa rangi ya mafuta juu ya doa, ikauke, ndipo upake rangi ya kawaida.